Spesa Nne na Kamba ya Mzee Nshoma

Mume wangu Novatus ni mtu mwema. Anasali, analima, na akinywa hagombi na mtu. Ana ugonjwa mmoja tu: akiona gari la mwenzake, la kwake linaanza kumuuma. Na mimi nina ugonjwa wangu, tutaufikia.

Gari letu ni Probox nyeupe. Ilitufikia hapa Nyamiaga ikiwa imeshatumika sana na watu tusiowajua, na ninaipenda hivyo hivyo. Inabeba ndizi, inabeba kwaya, mwaka juzi ilibeba jeneza Ijumaa na bibi harusi Jumamosi, wala haikulalamika. Mimi siendeshi. Mimi hukaa mbele kushoto na kuangalia barabara kwa niaba ya Novatus, ambaye huangalia magari ya watu.

Mtoto wetu wa kwanza, Jovitus, ni bwana shamba huko Biharamulo, kata ya Kaniha. Huko ndiko alikomwona Suzan, binti wa Mzee Nshoma, na tangu hapo akawa mtu wa kupiga simu kila jioni kutuuliza habari za afya zetu. Miaka yote hakuwahi kutuuliza. Nikamwambia Novatus, huyu mtoto ana jambo, andaa mbuzi.

Mwezi wa pili tukaenda kujitambulisha. Chini ya kwa Mzee Nshoma kinapita kijito, na daraja lake wakati huo lilikuwa gogo moja la mkaratusi. Mtu anapita, pikipiki inapita, gari halipiti. Na mvua ilikuwa imetoka kunyesha. Tukaliacha gari ng'ambo, tukavua viatu, tukapanda kilima tumevishika mkononi. Novatus amekunja suruali ya suti hadi magotini. Kaka yangu Yohanes, ambaye ndiye mshenga wetu, anamvuta mbuzi, na mbuzi naye anamvuta Yohanes. Mzee Nshoma alitungoja mlangoni, akatutazama miguu, mmoja baada ya mwingine.

"Shikamoo mzee," Jovitus akasema.

"Malahaba. Mmekuja na nini?"

"Na gari, mzee. Limebaki ng'ambo."

Mzee akanyoosha shingo. Katikati kulikuwa na migomba mitupu. "Silioni," akasema.

Alitulisha vizuri, siwezi kumsingizia. Lakini wakati wa kuagana akasimama na kutamka neno lake mbele ya majirani. "Binti yangu simtoi kwa watu wanaokuja wameshika viatu. Nitatengeneza njia mimi mwenyewe. Mkija tena, gali liingie uani, nilione, na majilani walione. Likishindikana tena, basi, tusisumbuane."

Na hakuwa anatania, maana kulikuwa na mwalimu mmoja wa Nyarubungo aliyekuwa akimtaka Suzan vilevile. Huyo alikuwa na pikipiki. Alikuwa anapita juu ya gogo kila Jumapili na kuegesha chini ya baraza la mzee kama yuko kwake. Suzan hakumtaka. Alipotusindikiza hadi kijitoni, aliniosha miguu kwa mikono yake na kuninong'oneza, "Mama, mje tu. Kwa vyovyote, mje." Nilimpenda pale pale, miguu yangu ikiwa bado ina matope.

Sasa mjue kwamba Mzee Nshoma ni mchongaji wa mitumbwi ya pombe. Siyo ya kuvulia samaki. Ni ile ya kukamulia ndizi mbivu: gogo zima linachimbwa tumbo, ndizi zinakanyagwa humo, juisi inakaa isivuje tone. Watu wanatoka mbali kumtafuta. Miaka arobaini anachonga na hakuna mtumbwi wake uliowahi kurudishwa. Alichoamua kutujengea, basi, hakikuwa daraja kama la watu wengine. Aliamua kuchonga mitumbwi miwili mirefu, myembamba, iliyo wazi huku na huku, ailaze juu ya kijito sambamba. Tairi za kushoto zipite ndani ya mmoja, za kulia ndani ya mwingine. Gari lisiweze kuteleza hata dereva akiwa amefumba macho.

Akapiga simu kutaka kipimo cha tairi. Novatus akaanza kumtajia sentimita. Mzee akamkatiza. "Hizo namba zenu sizijui. Nileteeni kamba."

Tukaleta kamba. Ya katani, mpya. Novatus upande mmoja wa gari, mimi upande wa pili, wote tumepiga magoti, kamba imepita chini kati yetu. Tukafunga mafundo manne: ukingo wa nje wa tairi hii, ukingo wake wa ndani, ukingo wa ndani wa ile, ukingo wake wa nje. Fundo la mwisho nililikaza mimi kwa meno. Tukaizungushia gazeti na kumpa kondakta wa basi la Biharamulo, ambaye aliibonyeza na kuuliza kama ni nyoka. Baada ya siku mbili mzee akapiga: kamba imefika, gogo limeshaangushwa, njooni Jumamosi ya pili ya mwezi wa saba.

Yote yangekuwa mazuri kama Novatus asingekwenda kanisani. Jumapili moja mwezi wa sita tulitoka misa tukakuta gari letu limeegeshwa kando ya gari la Sostenes, mwalimu mstaafu. Probox kama yetu, nyeupe kama yetu. Ila tairi zake zilikuwa zimetoka nje hadi usawa wa madigadi, gari limetulia chini, limejitanua kama mtu aliyeshiba.

"Mama Jovitus," Novatus akaniambia njiani, "umeliona lile gari lilivyosimama?"

"La kwetu limelala?"

Jioni akawa nyuma ya gari, amechuchumaa, anaziangalia tairi zetu kwa huruma. Kesho yake akaenda kwa fundi Frednand pale Ngara mjini, akarudi na neno jipya: spesa. Ni pande la chuma la duara, nene kama vidole viwili, lenye matundu ya nati. Linafungwa kati ya gari na tairi, na tairi inasogea nje kwa unene huo. Moja kila tairi, jumla nne.

Nikakataa. Nilikataa kwa wiki mbili nzima, nataka hilo likumbukwe. Novatus alikuja na hoja ya kona: barabara ya kuteremka kutoka Ngara ina kona, gari letu ni jembamba, likipakia linayumba, na siku hiyo tutapakia. Nikamwambia linayumba kwa sababu dereva anaangalia magari ya watu. Akaja na hoja ya heshima: Mzee Nshoma anataka kuliona gari, basi alione gari lililosimama. Nikamwambia mzee anataka kumwona mkwe, siyo tairi.

Nikamwita Yohanes anisaidie. Kaka yangu aliendesha malori kwa miaka ishirini, Rusumo hadi Dar, na tangu astaafu hajawahi kukosa la kusema juu ya gari la mtu yeyote.

"Shemeji," akamwambia Novatus, "tairi ikikaa mbali, mzigo unahamia kwenye beringi. Beringi zitalia. Ukipakia, tairi itasugua madigadi. Na nati zile lazima ukazie kila mara. Siku ukisahau, utaona tairi yako inakupita barabarani, nawe utaipungia mkono."

"Sostenes mbona haimpiti?"

"Sostenes anaendesha kutoka nyumbani kwake hadi kanisani."

Novatus akachukua jembe, akaenda shamba. Nilidhani nimeshinda. Hata ugali siku ile niliupika kwa furaha.

Sasa ule ugonjwa wangu. Unaitwa Esperansia. Tumesoma naye, tumeolewa naye mwaka mmoja, tuko naye kwaya moja, yeye anaimba sauti ya kwanza na hataki mtu asahau. Alhamisi, baada ya mazoezi, wanawake wote tumesimama nje, akaliangalia gari letu kwa mbele, akainamisha kichwa upande.

"Mama Jovitus," akasema taratibu, "hivi gari lenu lina nini? Mbona limebana miguu kama ng'ombe anayetaka kukojoa?"

Walicheka hadi waliokuwa ndani wakatoka. Na baya zaidi, nilipoliangalia, nikaona kweli limebana miguu. Miaka sita nimelipanda, sikuwahi kuona. Nilirudi nyumbani kwa miguu, gari nikaliacha na wenye kulicheka. Novatus, aliyekuwa amelileta kunichukua, alifika kabla yangu, nikamkuta anakunywa chai.

"Weka," nikamwambia.

"Niweke nini?"

"Hizo spesa zako. Kesho."

Kwa hiyo aliyesema ziwekwe ni mimi. Novatus alizitaka, Frednand alikuwa nazo, lakini mlango niliufungua mimi.

Ijumaa yote nilishinda gereji kwa Frednand, juu ya kigoda, nimekunja mikono. Huwa simwachi fundi na gari letu peke yake, tangu yule wa zamani alipoturudishia gari likiwa na betri ya mtu mwingine. Nikaona kila kitu. Jeki chini, gari juu, nati nne za tairi nje, tairi nje, spesa ndani, nati nne za spesa, tairi juu yake, nati nne tena. Nikazihesabu moja moja kwa sauti.

"Mama, ukitaka kazi, mimi nakuajiri," Frednand akasema.

"Kaza ile ya chini, haijakaa."

Alipomaliza, gari likashushwa. Lilikuwa limetanuka hilo! Tulipita nalo mbele ya nyumba ya Esperansia mara mbili, mara ya pili bila sababu yoyote. Nilikuwa na furaha ya kijinga, naikubali. Na katika furaha hiyo, kati yangu na Novatus, watu wawili tuliopiga magoti na kufunga yale mafundo, hakuna aliyeikumbuka kamba.

Jumamosi ya safari tuliondoka alfajiri. Novatus ameshika usukani, mimi kushoto, Yohanes nyuma na Jovitus, aliyekuja nyumbani ili tufike pamoja, na nyuma yao kreti za soda na mbuzi mwingine, mpole kuliko wa kwanza. Kwenye kona gari lilitulia kweli. Novatus kila kona alinitazama. Nikamwambia angalia mbele.

Tuliacha lami, tukashika njia ya vumbi ya Kaniha, na saa nne na nusu tukaanza kuteremka kijitoni. Jamani, lile daraja! Mitumbwi miwili ya mti mwekundu, mirefu, imelainishwa hadi inang'aa, imelazwa sambamba juu ya mawe, kingo zake zimeinuka kiganja kimoja. Mzee alikuwa ameichongea hata maua kwa pembeni. Na ng'ambo kilima kizima kimejaa watu. Alikuwa amewaalika wote, maana kwa wiki tatu alikuwa amewaambia kwamba gari litaingia humo kama mguu kwenye kiatu chake. Wanawake wakaanza vigelegele. Yule mwalimu wa Nyarubungo naye alikuwepo, amekalia pikipiki yake, anaangalia. Mzee Nshoma alisimama mbele ya wote, amevaa koti na kofia, mikono nyuma, anajitahidi asicheke.

Novatus akalenga. Tairi ya kushoto ikaingia mtumbwini taratibu. Ya kulia ikapanda ukingo.

Akarudi nyuma, akalenga tena. Ya kulia ikaingia, ya kushoto ikapanda. Vigelegele vikapungua. Mara ya tatu zote mbili zikapanda na mbuzi akalia.

Hapo ndipo nilipoikumbuka kamba. Nikamtazama Novatus, naye alikuwa ameshakumbuka. Jasho lilikuwa linamtoka kwenye masikio.

"Spesa," nikasema.

"Nyamaza," akanong'ona. "Nyamaza kwanza, mama Jovitus."

Ng'ambo, Mzee Nshoma alikuwa ameacha kutabasamu. Akateremka, akachomoa kamba yetu kwenye koti, akapiga magoti, akailaza juu ya mitumbwi. Mafundo manne yakakaa juu ya kingo nne, sawasawa. Akaipima tena.

"Ni kamba," akasema kwa sauti ya chini, lakini bonde lilikuwa kimya na wote tulisikia. "Niliitundika juu ya jiko isiliwe na panya. Moshi umeikausha, imejikunja. Nikachonga kwa kamba iliyojikunja."

Yohanes alikuwa ameshashuka kwenye gari. Mshenga kazi yake ni maneno, na hapo yalimjia bila kuitwa. "Ndiyo hivyo mzee wangu! Katani ndivyo ilivyo. Wala siyo kosa lako, ni moshi tu."

"Macho nayo," mtu mmoja akasema kule juu. "Mzee macho yameisha." Wachache wakacheka, siyo kwa ubaya, kama watu wanavyocheka wakiona mkubwa kajikwaa.

Mzee hakukasirika. Heri angekasirika. Alivua kofia, akaipapasa, akasema, "Nimezeeka. Sikujua kama ni leo." Kisha akageuka na kuita nyumbani aletewe tezo yake ya kuchongea. Alitaka kuzikata kingo. Alitaka kuikata kazi yake ya wiki tatu, maua na yote, mbele ya watu, ili gari letu lililojitanua lipite.

"Mwache," Novatus akaninong'oneza. "Akate kidogo tu. Tutaingia, yataisha. Ukisema, tumekosa mke."

Alikuwa amesema kweli, na hilo ndilo lililoniuma. Ningekaa kimya dakika kumi, gari lingeingia uani, Jovitus angepata mke wake, na Nyamiaga nzima isingejua. Nikamtazama Jovitus kwenye kioo. Alikuwa anamtazama Suzan, na Suzan alikuwa anamtazama baba yake, ameziba mdomo kwa kiganja, machozi yanamtoka. Tezo ikafika. Mzee akaishika, akaitegesha juu ya ua la kwanza.

"Usiguse!" nikapiga kelele. Sijui nilitoka vipi kwenye gari. "Mzee, nakuomba, usiguse hapo!"

Akainua kichwa. Kilima kizima kikaniangalia.

"Kamba yako haijajikunja. Macho yako hayana kitu. Ulichonga sawa, ni sisi tuliokosea. Ni mimi." Nikapandisha sauti juu zaidi ili isikike kilimani. "Tulikuletea kipimo, halafu nikaenda kuweka vyuma kwenye tairi, gari likatanuka. Kwa sababu lilichekwa. Nilitaka gari letu lionekane. Ni mimi nilisema ziwekwe, siyo mume wangu, siyo mtoto."

Novatus alijifunika uso kwa mikono miwili. Yohanes alianza kuangalia milima ya mbali kama mtu aliyepita njia. Mwalimu wa Nyarubungo alikaa vizuri juu ya pikipiki yake.

Mzee Nshoma akaiweka tezo chini. "Vyuma gani?"

"Nitakuonyesha. Jovitus, toa jeki."

Novatus alikuwa na suti. Yohanes mgongo wake, kwa mshangao wa wote, ulianza kuuma dakika ile ile. Kwa hiyo nikafunga kitenge changu kipya kiunoni, nikapiga magoti kwenye vumbi, mimi na mtoto wangu. Yeye anapiga jeki, mimi nafungua. Nati nne za tairi. Tairi nje. Nati nne za spesa. Pale zilipogoma nilisimama juu ya spana kwa miguu miwili, kama Frednand. Nilikuwa ninahesabu kwa sauti bila kujijua.

Nilipofika ya tano, nikaona kofia imewekwa kando ya mkono wangu. Mzee Nshoma alikuwa amevuka. Alikaa juu ya jiwe, akawa anapokea nati moja moja, anaifuta kwa kidole, anaipanga ndani ya kofia yake: za tairi upande mmoja, za spesa upande mwingine. Spesa ya kwanza ikatoka. Akaichukua, akaigeuza, akapima unene wake kwa vidole.

"Kazi nzuli," akasema. "Imekatwa sawa. Ila haina kazi."

"Haina, mzee."

"Nani alilicheka gali?"

"Mwanamke mmoja wa kwetu."

"Alisema nini?"

Nikamwambia. Uso wake haukubadilika, lakini mabega yalianza kuruka. Ilibidi anigeuzie mgongo. Alipogeuka tena alikuwa anajifuta macho kwa mkono wa koti.

Tulichukua saa nzima na zaidi kwa tairi zote nne. Watu wa ng'ambo hawakuondoka. Walikaa kwenye majani, wakaanza kuhesabu nati pamoja nami, na nilipofungua ya thelathini na mbili walipiga makofi. Mzee akalaza kamba chini, mbele ya tairi. Mafundo manne, kingo nne. Akainyanyua juu kwa mikono miwili, akawaonyesha watu wake kule kilimani. Yule aliyesema macho yameisha akajificha nyuma ya mkewe.

Novatus akawasha gari. Liliingia kwenye ile mitumbwi bila kugusa popote, likapita, likapanda hadi uani, na vigelegele vilivyopigwa siku ile nadhani hata Esperansia alivisikia.

Tulipokwisha kuketi, msemaji wa upande wao akasimama na kutusomea faini, kama ilivyo desturi mtu akikosea kwa wakwe. Yohanes alijiandaa kulia. Lakini mzee alimwita msemaji, akamnong'oneza, na faini ikatoka: vile vyuma vinne, vibaki pale, visionekane tena chini ya gari. Tukalipa hapo hapo. Kisha Mzee Nshoma akasema, akiwa amekaa, kama anayeongea juu ya mahindi, "Mwanamke aliyekataa nidhalauliwe kwenye kazi yangu, na mtoto wake yuko hatalini, huyo anaweza kukaa na binti yangu." Nilikuwa na vumbi hadi kwenye kope. Nililia, na likawa matope.

Harusi ilikuwa mwezi wa tisa, huko huko Kaniha. Kwaya yetu ilikuja nzima. Pombe ya ndizi ilikuwa imekamuliwa kwenye mtumbwi mpya wa mzee, mkubwa kuliko yote, nao ulikuwa umeinuliwa juu ya vyuma vinne vya duara ili mchwa wasiufikie. Esperansia alikwenda kuchota. Akainama. Akakaa ameinama muda mrefu kuliko anavyohitaji mtu wa kuchota.

"Mama Jovitus," akaniita, na sauti yake ya kwanza ilisikika hadi kwa maharusi. "Hivi vyuma mbona kama nimeviona kwa fundi Frednand? Si vile mlivyokuwa navyo kwenye gari? Vimefikaje hapa?"

Nikafungua mdomo. Wanakijiji wote waliokuwa karibu walikuwa wanajua, na walikuwa wametulia wananisikiliza. Mzee Nshoma alikuwa kwenye kiti chake, hatua tatu tu.

"Hivyo ni vyangu, mama," akasema. "Mtumbwi wangu ulikuwa unayumba. Mkwe wangu akavua vya kwenye gali lake, akanipa."

Majirani wote wakaitikia kwamba ndivyo ilivyokuwa. Esperansia alinitazama, akamtazama mzee, akaviangalia vyuma, akakosa la kusema, jambo nililolingoja tangu darasa la nne. Nikachukua kibuyu mkononi mwake, nikamchotea pombe ya kujaa.